Kwa Waskaal kwa Miguu

Siku ya kwanza: gatini Windhelm

Huku kwangu Tanga kaskazi imekaza, feni inazungusha hewa ile ile ya moto, nami nimekaa kifua wazi mbele ya kompyuta nikimtazama mwanamke anayetetemeka kwa baridi. Anaitwa Subira. Ni Redguard, mtu wa Hammerfell, nchi ya jangwa na mabaharia. Nilimpa jina hilo kwa kuwa nilijua kitu cha kwanza kitakachomwishia njiani ni hicho.

Safari yenyewe ni hii, ndani ya gemu ya kompyuta iitwayo Skyrim: kutoka bara la Skyrim, kuvuka bahari hadi kisiwa cha Solstheim, kisha kwa miguu hadi kijiji cha Waskaal, kaskazini mashariki ya kisiwa, wanakoishi watu wa theluji. Nimeshawahi kufika huko, zamani, Dragonborn, nyongeza ya gemu hii, ilipokuwa mpya. Ilitoka Desemba 2012 kwa wenye Xbox 360. Sisi wa kompyuta tukangoja mpaka Februari 2013. Lakini safari ile nilikwenda mbiombio kama mtu anayekimbilia daladala ya mwisho. Unabonyeza ramani, umefika. Unabonyeza maneno ya mzee wa watu, yanaruka. Unachukua ulichofuata, unaondoka. Silaha nilizotoka nazo nazikumbuka zote. Jina la mtu wa kile kijiji, hata mmoja, silikumbuki.

Kwa hiyo mara hii nimejiwekea masharti. Nimewasha Survival Mode, ile iliyoongezwa mwaka 2017, ambayo inaigeuza gemu kuwa maisha. Njaa inakula nguvu za mwili, uchovu unakula uchawi, na baridi inakula uhai wenyewe: mstari mwekundu unafupika polepole na haurefuki tena mpaka upate moto au mchuzi wa moto. Ukitumbukia kwenye maji ya kaskazini, anza kuhesabu sekunde. Kuruka kwenye ramani hakuna. Siku moja ya Skyrim ni dakika 72 za saa yangu ya ukutani, nami nimepanga siku moja kila jioni baada ya kazi.

"Sasa kaka, raha yake iko wapi?" anauliza mdogo wangu, ambaye ana miaka kumi na moja na keshajiweka kwenye kiti cha pili bila kualikwa.

Nahodha Gjalund Salt-Sage hataki kusikia habari za Solstheim. Anasema aliwahi kupakia watu waliovaa barakoa, wakapanda chomboni, na baada ya hapo kumbukumbu yake ina shimo; alipozinduka alikuwa tayari amefika Windhelm. Watu hao hao ndio walionivamia barabarani wakitaka kuniua kwa jina la bwana wao, Miraak. Nikamhesabia nahodha vipande 250 vya dhahabu. Woga ukampungua, tukang'oa nanga.

Siku ya pili: Raven Rock

Kisiwa kinakupokea na majivu. Mlima Mwekundu ulilipuka kule nchi jirani ya Morrowind karibu miaka 200 iliyopita kwa kalenda yao, na mpaka leo nusu ya kusini ya Solstheim ni kama jiko lililosahaulika kuzolewa. Wenye mji wa Raven Rock ni Wadunmer, elfi (viumbe wa hadithi wanaofanana na watu) wenye ngozi ya kijivu na macho mekundu. Hata kabla Subira hajatoka gatini, bwana mmoja, Adril Arano, alikwisha mkabili na kumuuliza kilichomleta. Namna ile ile unayoulizwa na mtu wa kwanza kukutana naye ukiingia kijiji cha watu na begi mgongoni.

Nikauliza habari za Miraak. Kila mtu analijua jina, hakuna anayejua amelisikia wapi. Mmoja akataja hekalu katikati ya kisiwa, kisha akaonekana kama amesahau swali.

Usiku ndipo nilipoelewa. Nje kidogo ya mji kuna jiwe refu, Jiwe la Ardhi, na limezungukwa na watu wanaojenga. Wachimba madini, walinzi, watu niliowaona mchana wakiuza na kununua, wote wamefumba midomo au wananong'ona maneno yale yale, wanagonga nyundo kwa mpigo mmoja. Ukimsemesha hakujibu. Ukimsukuma anarudi palepale. Mdogo wangu akavuta miguu juu ya kiti.

"Wamelogwa?"

"Wamelala. Wanafanyishwa kazi usingizini."

"Kama misukule?"

Kama misukule. Sikuwa na neno bora.

Nikalala kwenye baa ya Retching Netch. Mwenye baa, Geldis Sadri, anauza sujamma, kinywaji ambacho ukikizidisha kesho yake unauliza jina lako. Subira akanywa maji.

Siku ya tatu: hekaluni

Njia ya kupanda kutoka Raven Rock inaanza na majivu, inaendelea na majivu yaliyochanganyika na theluji kama unga na chumvi, halafu ghafla kila kitu ni cheupe. Hapo alama ya baridi ikajitokeza kwenye skrini na mstari wa uhai ukaanza kufupika. Nilikuwa na koti la manyoya na mwenge mkononi, nikadhani yatosha. Hayakutosha. Nusu ya njia niliisafiri kwa kuruka kutoka moto wa mtu hadi moto wa mtu, na moto mmoja ulikuwa wa majambazi, ikabidi kwanza tupigane ndipo niote.

Nje ya Hekalu la Miraak kuna watu wale wale wa usingizini, ila hawa wamevaa manyoya mazito. Na katikati yao mwanamke mmoja aliye macho, anapiga kelele, anawavuta mikono, anawaita kwa majina. Hakuna anayegeuka.

Huyo ndiye Frea. Mskaal wa kwanza wa safari hii.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko gemu inavyotarajia. Zamani nilimpita mbio, nikabonyeza mazungumzo yote kwa sekunde kumi. Sasa niliona kwamba kabla hujamsemesha anahangaika na watu wake mmoja mmoja. Ndugu zake hao. Yeye amekingwa na hirizi aliyopewa na baba yake, mganga wa kijiji, na akaja peke yake na shoka mbili kuwafuata.

Ndani ya hekalu sitaeleza sana. Wafu waliosimama, mitego, ngazi za kushuka, Frea mbele akipigana kwa mikono miwili kama mwanamke anayetwanga kwa hasira. Chini kabisa kuna Kitabu Cheusi. Ukikifungua kinakufungua wewe: Subira akajikuta mbele ya Miraak mwenyewe, kasisi wa majoka wa kale aliyewasaliti mabwana zake, anayejenga njia ya kurudi duniani kwa jasho la watu waliolala. Akanitupa nje kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Siku ya nne: kijijini

Tukatoka upande wa pili wa mlima na Frea akaongoza. Hana ramani. Anakwenda mbele, anasimama kunisubiri, anakwenda tena. Theluji ilikuwa inapiga kwa ubavu, mbele sioni zaidi ya mgongo wake. Mstari wa uhai ulibaki robo. Nikamwambia mdogo wangu anyamaze, kana kwamba kelele zake zingezidisha baridi.

Halafu nyumba. Chache mno, za magogo, zimekaribiana, na jengo kubwa la mkuu wa kijiji. Na katikati, kitu cha ajabu: kuba la mwanga, na ndani yake wazee wawili watatu wamepiga magoti kwenye theluji. Hao ndio waliobaki macho. Baba yake Frea, Storn Crag-Strider, ndiye anayeishikilia ile kinga kwa nguvu zake, na unaona wazi kwamba hana nguvu nyingi za kushikilia.

Hapa niseme jambo kuhusu watu hawa, maana ndio niliowafuata.

Karibu kila ulimwengu wa gemu za kuigiza una watu wa baridi. Ni desturi, kama kila hadithi ya zamani kuwa na kibibi kizee porini. Katika Icewind Dale, moja ya nchi za gemu ya Dungeons & Dragons, kuna makabila ya Reghed, wahamaji wa barafuni wanaojiita kwa majina ya wanyama: Dubu, Mbwa Mwitu, Chui Milia, Paa Mkubwa wa baridi. Katika Greyhawk, ulimwengu mwingine wa gemu hiyo hiyo, kuna mataifa matatu ya kaskazini na majina yao rasmi kwenye ramani ni Washenzi wa Jalidi, Washenzi wa Barafu na Washenzi wa Theluji. Ndivyo yalivyoandikwa, sijatia chumvi. Mtu wa baridi hupewa manyoya, shoka, hasira na mungu mmoja wa ngurumo, kazi ikaisha.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kucheka. Neno letu la kumsifu mtu, mstaarabu, ukilifumua ndani yake unamkuta Mwarabu. Na neno mshenzi babu zetu walilitumia kwa kila mtu aliyeishi nyuma ya minazi. Kwa hiyo nilipokuwa napanda ule mlima nilikuwa nawafuata washenzi, kwa maana zote mbili, na nilitaka kuona gemu imewafanyaje.

Waskaal ni Wanord wa asili, lakini wamejitenga na Wanord wa Skyrim tangu enzi. Kule bara wanaabudu miungu wengi. Hawa wana mmoja, Muumba wa Yote. Wanasema kila kitu kimetoka kwake, mti, upepo, mnyama, mtu, na kila kinachokufa kinarudi kwake kuumbwa upya. Kwa hiyo huui zaidi ya unachokula, hukati zaidi ya unachochoma. Anayepinga utaratibu huo ni Hasimu, mwenye sura nyingi. Sura mojawapo wanaiita Mwenye Tamaa. Watu waliompa shetani wao jina la tamaa, mimi nawaheshimu kabla hata sijaonja chakula chao.

Majina yao ni ya majigambo. Nilimfasiria mdogo wangu: Storn Mkwea Majabali. Fanari Sauti-Kali, huyo ndiye mkuu wa kijiji, mwanamke. Baldor Mfua Chuma. Deor Mkata Kuni.

"Mkata kuni tu?" akacheka. "Wenzake wana majabali, yeye kuni?"

"Kaa kwenye baridi hii bila kuni, halafu utuambie nani mkubwa."

Siku ya tano: Jiwe la Upepo

Mzee Storn anaongea polepole, na mara hii nilimwacha amalize. Kisiwani kuna mawe sita: la Ardhi, la Upepo, la Maji, la Jua, la Mnyama na la Mti. Kwa Waskaal ndiyo viungo vyao na Muumba wa Yote. Mtu aliyecheza Bloodmoon ya mwaka 2003, nyongeza ya Morrowind, gemu ya zamani ya mfululizo huu huu, anayajua: mganga wa wakati ule, Korst Wind-Eye, alimtuma mgeni kuyazungukia na kurudisha nguvu za kabila. Hadithi hizo mbili zimeachana kwa zaidi ya miaka 200 ya kwao. Mawe ni yale yale. Miraak amechukua kitu kilichowaunganisha na uhai akakigeuza kuwa kamba ya kuwafungia.

Kazi niliyopewa: nenda Saering's Watch, magofu ya juu ya mlima, ukajifunze neno la kwanza la ukelele (uchawi wa sauti) wa kupinda nia, urudi ulitamke mbele ya Jiwe la Upepo. Nikaenda. Juu kuna joka, na pale kwenye upepo ule joka ni shida ya pili. Ya kwanza ni vidole. Nililitoroka. Sioni aibu.

Neno likatoka, jiwe likatetemeka, na kutoka majini... sijui nikieleze vipi. Samaki aliyefundishwa kusimama. Mwenye minyiri usoni. Tukapigana naye watu wote pamoja, kwa sababu watu wa kijiji walikuwa wamezinduka, na wa kwanza kuokota silaha walikuwa wao.

Jioni kuba la mwanga halikuwepo tena. Moshi ukatoka kwenye paa. Mtoto mmoja, Aeta, akawa anakimbia kimbia kati ya nyumba. Nilikuwa na nyama ya horker kwenye mzigo, mnyama mnene wa pwani mwenye meno marefu yanayochungulia chini ya pua, nikaitia kwenye jungu pamoja na kitunguu saumu na nyanya. Mstari wa uhai ukarefuka mpaka mwisho kwa mara ya kwanza tangu Windhelm. Subira akalala chini ya paa la watu, tumbo limejaa, na mimi nikaenda kula ugali wangu uliokwisha poa.

Siku ya sita: jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikutegemea Waskaal wanalijua hilo. Asubuhi ya siku ya tatu kijijini Deor Mkata Kuni akanisimamisha: mhunzi wao, Baldor, hajulikani alipo.

Baldor anajua kufua stalhrim. Ni barafu isiyoyeyuka, ya uchawi, ambayo Wanord wa kale waliizikia wafu wao; ukiifua inatoa silaha kali kuliko chuma. Ujuzi huo uko kichwani mwa huyo mtu mmoja wa kijiji hiki. Nilimkuta kwenye nyumba iliyotelekezwa msituni, chini ya ulinzi wa Wathalmor, elfi warefu wa dhahabu wanaojiona ndio ustaarabu wenyewe. Walikuwa wanamtesa awape siri.

Sikuwa na huruma pale. Mdogo wangu alisimama juu ya kiti. Baldor alipofunguliwa hakujikweza wala hakulia. Akasema tu kwamba kiongozi wao, Ancarion, bado yuko pwani ya kaskazini na ana ramani ya mahali stalhrim ilipo. Nikashuka Northshore Landing. Kwa mwendo ule wa kwenda na kurudi baridi iliniua mara mbili, nikarudia mahali niliposevu. Ancarion mwenyewe hakunisumbua kiasi hicho.

Kwa malipo Baldor alinifundisha. Kwa hiari yake, mbele ya tanuri lake, jambo ambalo Wathalmor walishindwa kulipata kwa mateso alinipa bure. Ila stalhrim haichimbwi kwa sururu yoyote, inataka sururu ya kale ya Wanord, na anayejulikana kuwa nayo ni mhunzi Glover Mallory wa Raven Rock, ambaye naye kaiazimisha. Kwa hiyo jembe nilipewa, la mpini bila chuma.

Nililala nikijisikia mtu mwema sana. Naandika hili makusudi.

Siku ya saba hadi ya kumi

Miraak hauawi kwa neno moja, yako matatu, na la pili liko kwenye Kitabu Cheusi kingine. Storn hajui kilipo. Anayejua ni mchawi Neloth, kusini mashariki ya kisiwa, anayeishi ndani ya uyoga mkubwa kama jengo la ghorofa na hana adabu hata punje. Nikarudi tena kwenye majivu. Tukaingia naye magofu ya Nchardak yaliyozama baharini, tukazungusha vipande vya mashine na kukausha vyumba vya maji jioni mbili nzima. Jioni ya tatu umeme ulikatika kabla sijasevu. Sitaki kuzungumzia jioni ya tatu.

Kitabu kilipatikana. Ndani yake kuna Apocrypha, maktaba isiyo na mwisho juu ya bahari ya wino, na mwenye maktaba ni Hermaeus Mora, jini la elimu: lundo la macho na minyiri. Akanipa neno la pili. Kwa la tatu akataja bei. Waskaal wana siri walizozificha asizijue tangu zamani, namna ya kusemezana na upepo na ardhi. Anazitaka. Storn anazo. Nimletee.

Nikafunga kompyuta mapema usiku ule.

Siku ya kumi na moja: Storn

Nilijaribu kukwepa. Nilizurura. Nilisikiliza wanakijiji, mambo ambayo zamani niliyaruka: Nikulas kijana anataka kuiona dunia nje ya kijiji na mama yake Edla hataki kusikia, Wulf Wild-Blood anamtafuta ndugu yake aliyepotelea mwituni, Tharstan, mzee wa kutoka bara, amekuja kuandika historia yao na hajaondoka. Nilisikia habari ya Mlinzi na Msaliti, makasisi wawili wa kale waliopigana siku nyingi mpaka kisiwa kikachanika kutoka bara. Nilikaa nje ya kijiji nikaua joka, nione kama naweza kuishi bila neno la tatu. Miraak akatokea kama kivuli, akainyonya roho ya joka, ambayo ilikuwa haki ya Subira, mbele ya macho yangu, akapotea. Anaweza kufanya hivyo tena na tena. Gemu imefunga milango yote ikabakiza mmoja.

Bibi alikuwa ameingia kuchukua hewa ya feni. Huwa haangalii mambo yetu. Anakaa kwenye mkeka na tasbihi yake, anatuita wapigaji picha za mashetani. Sikugundua kwamba usiku ule alikuwa ameinua macho.

Nilimweleza Storn. Mazungumzo hayana jibu la kusema mzee usifanye. Frea alikataa, akamsihi baba yake. Mzee akamtuliza: uamuzi ni wake, na amekwisha uamua. Akanyoosha mkono. Subira akampa kitabu.

Akakifungua amesimama, nje, kwenye theluji. Minyiri ikatoka kwenye kurasa na kumpita kifuani. Ikamnyanyua. Sauti ya Mora ikazungumza kwa utulivu wa mfanyabiashara aliyepokea mzigo wake, na mimi nikapewa neno langu la tatu hapo hapo, kama risiti. Mzee akaanguka. Frea akapiga kelele.

Chumbani kukawa kimya, feni tu.

"Huyo mzee wamemfanya nini?" Bibi akauliza.

"Amekufa, Bibi."

"Hicho kitabu kimetoka wapi?"

"Nimekileta mimi."

"Ulijua kina nini?"

Mdogo wangu akanitazama. Nikasema nilijua. Bibi akaizungusha tasbihi punje mbili tatu.

"Na hapo umefikia kwao?"

"Ndiyo Bibi. Nimelala kwao, nimekula kwao."

Hakusema kitu kingine. Mgeni njoo mwenyeji apone, nilifundishwa na yeye, na nilishukuru kwamba hakunikumbusha. Nikawaza wale Wathalmor kwenye nyumba ya msituni. Walitaka siri moja, ya barafu, na kwa ajili hiyo niliwaua wote nikalala usingizi wa mtu mwema. Mimi nimetoka na siri zote zilizobaki.

Ninajua kuna watakaosema ni gemu, imeandikwa hivyo, usingeweza kufanya vingine. Kweli. Lakini mwaka ule wa kwanza niliipita sehemu hii kwa dakika mbili na sikuona chochote, na imeandikwa hivyo hivyo.

Siku ya kumi na mbili

Miraak amekufa. Pambano lilikuwa refu na zuri na sina hamu ya kulieleza, isipokuwa mwisho wake: si Subira aliyemmaliza. Mora alitokeza mnyiri ule ule, akamtoboa mtumishi wake wa miaka mingi pale pale, kisha akamgeukia Subira kama mtu anayetazama nani atakalia kiti kilichoachwa wazi.

Nikarudi kijijini kwa miguu, kwa njia ya kaskazini, theluji imetulia. Watu wako kazini. Deor ana shoka lake. Baldor anagonga. Frea sasa ndiye mganga wa Waskaal, mahali pa baba yake, na siri alizopaswa kurithi zimekwenda. Alinishukuru. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana alinishukuru kwa dhati.

Halafu kwenye orodha ya maneno ya kumwambia likatokea moja jipya: kumwomba Frea afuatane nami. Gemu inaruhusu. Mganga pekee wa kijiji, binti wa yule mzee, anaweza kuacha kila kitu akanifuata Skyrim kunipigania na kunibebea mzigo. Ni mpiganaji mzuri, kila mtu anayecheza anakwambia mchukue.

Mdogo wangu alikuwa amesinzia. Bibi hakuwepo; nikamsikia anarudi kutoka kutawadha, akasimama mlangoni na maji bado yanamdondoka mikononi.

"Yule binti," akasema. "Umemwacha na nani?"

"Bado niko naye hapa, Bibi."

"Ana ndugu?"

Nikamtajia. Yupo mkuu wao, Fanari. Yupo mhunzi, yupo mkata kuni, yupo mama mmoja Edla na kijana wake, kuna katoto kanaitwa Aeta.

"Basi muache na wenziwe."

Nikafunga mazungumzo. Subira akavaa koti, akawasha mwenge. Kutoka pale hadi gatini Raven Rock ni mwendo mrefu, alama ya baridi ilikuwa tayari imeshajitokeza, na sikuwa na mchuzi hata bakuli moja.